Je, Wajua? Kifaduro, Viazi vya Brussels na Sindano Tatu za Mtoto wa Likasi

Je, wajua kwamba kifaduro na kampuni iliyoujenga mji wa Likasi nchini Kongo vinakutana katika mwaka mmoja na mji mmoja? Tarehe 28 Oktoba 1906, huko Brussels, iliundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyokuja kuchimba shaba ya Katanga na kuzaa miji kandokando ya machimbo yake. Mwaka huohuo, katika Brussels hiyohiyo, Jules Bordet na Octave Gengou walitangaza kwamba wamefaulu kumkuza katika maabara bakteria anayeleta kifaduro. Bordet alikuwa amekwisha kumwona kwa hadubini tangu 1900, katika makohozi ya mtoto mchanga. Tatizo lilikuwa kumlisha. Bakteria huyo alikataa kila chakula cha kawaida cha maabara, hadi wataalamu hao walipomtengenezea chakula chake cha peke yake: maji ya viazi, gliserini na damu. Mchanganyiko huo unaitwa kwa majina yao mpaka leo, na bakteria mwenyewe akapewa jina la Bordet: *Bordetella pertussis*. Bordet alitunukiwa tuzo ya Nobel ya mwaka 1919 kwa utafiti wake juu ya kinga ya mwili.

Kampuni ikaja Katanga. Mji uliokua Likasi ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, kigogo wa kampuni za Kibelgiji, na haukurudia jina la Likasi hadi mwaka 1966. Leo una kommuni nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Katika zote nne, mama akimwambia muuguzi kwamba mtoto ana kokelushi, anasema ugonjwa uleule ambao mwambao wa Afrika Mashariki unauita kifaduro.

Je, wajua kwamba kikohozi cha kifaduro huendelea hata baada ya bakteria kufa? Ndani ya njia ya hewa mna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi na vumbi kuelekea juu. Bakteria hujishikiza hapo, humwaga sumu, na vinyweleo hupooza na kung'oka. Makohozi hubaki bila wa kuyasukuma. Mtoto hukohoa mfululizo, mara kumi, mara ishirini, hana nafasi ya kuvuta pumzi, mishipa ya shingo inamtoka, kisha anavuta hewa kwa mlio mkali na kutapika alichokula. Hali hii huchukua wiki sita, kumi, wakati mwingine miezi mitatu. Mtoto anayetapika kila mlo kwa muda huo anakonda, na aliyekuwa na utapiamlo tangu mwanzo anazidi kudhoofika. Dawa za antibiotiki kama azithromaisini zikitolewa mapema humuua bakteria na kumzuia mgonjwa asiambukize wengine. Zikitolewa baada ya kikohozi kukomaa, hazikifupishi sana, kwa sababu vinyweleo vimekwisha kuharibika na lazima vikue upya.

Na wakati ambapo mgonjwa anaambukiza zaidi ni wiki mbili za mwanzo, ambapo ugonjwa bado unafanana na mafua. Hakuna anayeshtuka kwa mafua. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja anakadiriwa kuambukiza watu 12 hadi 17. Kwa kasi hiyo kifaduro kinakaa karibu na surua.

Je, wajua kwamba mtoto anayeuawa zaidi na kifaduro mara nyingi hakohoi kwa sauti ile tunayoijua?

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, hasa aliye na mtoto mchanga nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hana nguvu za kuvuta hewa kwa mlio. Anaweza kukohoa kidogo tu, au asikohoe kabisa. Kinachotokea ni kwamba anaacha kupumua. Analegea, anabadilika rangi, halafu pumzi zinarudi, halafu zinakatika tena. Kwa mtoto mweusi usitafute mabadiliko hayo mashavuni: tazama midomo, ulimi, ufizi na kucha. Ndani ya mwili, sumu ya bakteria huzidisha chembe nyeupe za damu kupita kiasi, na katika hali mbaya kabisa mishipa ya mapafu huziba, moyo ukashindwa kusukuma damu. Familia inaweza kudhani ni degedege. Inaweza kudhani mtoto amelala tu vizuri baada ya usiku mbaya. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri asubuhi.

Sasa angalia ratiba ya chanjo ya Kongo. Sindano ya kwanza ya kuzuia kifaduro huchomwa mtoto akiwa na wiki 6, ya pili wiki 10, ya tatu wiki 14. Maana yake kwa mwezi wa kwanza na nusu, yaani kipindi cha hatari kubwa kuliko vyote, mtoto hana sindano hata moja. Kinga yake iko miilini mwa watu wengine: kaka wa miaka miwili, dada wa miaka minne, watoto wa jirani wanaokuja kumbeba. Wakiwa wamechanjwa, si rahisi ugonjwa kuingia nyumbani. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu chanjo hii, na ndilo linalosemwa mara chache kuliko yote pale mama anapoambiwa tarehe ya kurudi. Sindano ya mtoto mkubwa ni ya mdogo wake pia.

Je, wajua kwamba nchi nyingine zimejaribu kumkinga mchanga kupitia mimba? Uingereza ilianza Oktoba 2012, baada ya mlipuko uliowaua watoto wachanga 14 mwaka huo. Mama mjamzito akichanjwa, kinga yake humpitia mtoto kabla hajazaliwa, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wachanga. Katika Kongo mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda; ya kifaduro haimo. Hivyo Likasi ngao ya mchanga inabaki kuwa watoto waliomtangulia.

Je, wajua kwamba zamani Wazungu waliwapandisha watoto ndege ili kuwaponya kifaduro? Katika Uswisi na Ujerumani, katikati ya karne ya 20, wazazi walilipia safari za anga za kupanda zaidi ya mita 3,000, wakiamini hewa nyembamba inakata kikohozi. Waingereza wengine waliwapeleka watoto wao kwenye viwanda vya gesi ya makaa ya mawe wakavute moshi wa lami. Mzazi aliyeona mtoto wake akikosa pumzi usiku kucha alikuwa tayari kujaribu chochote, na siwezi kumlaumu. Likasi yenyewe iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kifaduro hakijawahi kuiogopa.

Kinga ya kweli ilitoka kwa wanawake wawili wa Marekani. Pearl Kendrick na Grace Eldering walikuwa wafanyakazi wa maabara ya serikali mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, na wote wawili waliwahi kuugua kifaduro utotoni. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, walimaliza kazi ya mchana kisha jioni wakashika taa na kwenda nyumba kwa nyumba za maskini. Mtoto alikohoa juu ya kisahani cha maabara, kisahani kikarudishwa na kusubiriwa: bakteria akiota, mtoto bado anaambukiza. Ndani ya visahani hivyo mlikuwa na chakula kilekile cha Bordet na Gengou, ila wao walitumia damu ya kondoo. Katika matokeo yao ya mwanzo, kati ya watoto 712 waliochanjwa waliougua ni 4. Kati ya 880 wasiochanjwa waliougua ni 45. Baadaye aliungana nao Loney Gordon, mwanamke Mmarekani mweusi aliyesomea kemia, ambaye alichambua sahani nyingi mno mpaka akapata mbegu ya bakteria iliyofaa zaidi kutengenezea chanjo. Kufikia miaka ya 1940 sindano ya kifaduro ilikuwa imeunganishwa na ya dondakoo na pepopunda. Sindano ya mtoto wa Kikula leo ni kitukuu cha kazi ile, na humo wameongezewa kinga ya homa ya ini aina ya B na ya bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Magonjwa matano katika sindano moja. Ndiyo maana inaitwa penta.

Je, wajua nini hutokea nchi ikiiacha chanjo hii? Huhitaji kukisia, kwa sababu imetokea. Japani, majira ya baridi ya 1974 kuingia 1975, watoto wawili walifariki baada ya kuchanjwa. Hofu ilienea na chanjo ikasimamishwa, kisha ikarejeshwa kwa watoto wakubwa zaidi tu. Kabla ya hapo kifaduro kilikuwa karibu kimetoweka. Mwaka 1979 Japani ilikuwa na wagonjwa wapatao 13,000 na vifo 41. Uingereza nayo, baada ya ripoti ya 1974 iliyoihusisha chanjo na madhara ya ubongo, watoto waliochanjwa walishuka kutoka karibu 8 kati ya 10 hadi karibu 3 kati ya 10, na mlipuko wa 1977 hadi 1979 ukaandikisha wagonjwa zaidi ya 100,000. Sweden iliacha kabisa mwaka 1979 na haikurudi hadi 1996. Katika miaka hiyo kifaduro kilirudi kuwa ugonjwa wa kawaida wa watoto wake. Uchunguzi wa miaka iliyofuata haukuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyoharibu ubongo wa watoto wale. Nchi zenye hospitali za kila aina zilirudi nyuma kwa miaka mingi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya hofu.

Japani, hata hivyo, iliwapa walimwengu kitu. Mwanasayansi Yuji Sato alitengeneza chanjo mpya isiyotumia bakteria mzima, bali vipande vyake vilivyosafishwa, ikaanza kutumika huko 1981. Inaleta homa kidogo zaidi. Nchi tajiri nyingi ziliihamia miaka ya 1990.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Chanjo ya Kongo, kama ya nchi nyingi za Afrika, bado ni ile ya bakteria mzima aliyeuawa. Nimesikia watu wakisema tunapewa mabaki ya Ulaya. Nyani wanatoa ushahidi tofauti. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa nyani, kwa kuwa nyani huugua kifaduro kwa namna inayofanana sana na ya binadamu. Waliochanjwa kwa chanjo mpya hawakuugua, lakini walimbeba bakteria kooni kwa wiki kadhaa na wakawaambukiza wenzao. Waliochanjwa kwa ile ya zamani walimwondoa bakteria haraka zaidi. Tena kinga ya chanjo mpya inapungua mapema, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kifaduro kurudi katika nchi zilizojiona zimekimaliza: California mwaka 2010, wagonjwa zaidi ya 9,000 na watoto wachanga 10 wakafa, Marekani nzima mwaka 2012, wagonjwa zaidi ya 48,000, Uingereza mwaka 2024, karibu 15,000 na wachanga 11 wakafa. Ile ya zamani humtia mtoto homa, wekundu na uvimbe pajani kwa siku moja au mbili, na analia. Mama aambiwe hivyo wazi kabla ya sindano, asije akaogopa na kuikimbia ya pili.

Ushahidi wa Afrika upo pia, na ni wa nguvu. Eneo la Niakhar nchini Senegal limefuatiliwa na watafiti kijiji kwa kijiji tangu miaka ya 1960. Mwaka 2003 Marie-Pierre Préziosi na Elizabeth Halloran walionyesha, kwa takwimu za huko, kwamba hata pale mtoto aliyechanjwa anapougua, uwezo wake wa kuambukiza wenzake nyumbani hupungua kwa karibu theluthi mbili. Kenya nayo, miaka ya 1970, wilaya ya Machakos ilikuwa na mradi mkubwa wa afya ya mama na mtoto ambao wahudumu wake walizitembelea kaya mara kwa mara kutafuta kifaduro na surua, badala ya kuwasubiri wagonjwa hospitalini.

Kuwasubiri hospitalini ndiko kunakokificha kifaduro. Ili kukithibitisha unahitaji kuingiza kijiti chembamba puani hadi nyuma ya koo na kupeleka sampuli kwenye maabara yenye vifaa vya kusoma vinasaba. Vituo vya mtaani havina. Muuguzi huandika kikohozi, au nimonia, na mtoto anahesabiwa huko. Makadirio yaliyochapishwa 2017 yalisema kwamba mwaka 2014 dunia ilikuwa na wagonjwa wa kifaduro milioni 24.1 wa chini ya miaka 5 na vifo 160,700, na kwamba zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa Afrika. Watoto hao wamekufa kimya. Surua ilipoikumba Kongo mwaka 2019 na kuua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto, angalau jina lake lilitajwa.

Je, wajua kwamba kumpeleka mtoto mzima, asiyeumwa, kumpima uzito ni desturi iliyoutangulia uhuru Likasi? Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea wanaume wa mkataba mfupi na kuanza kuwaruhusu wafanyakazi wakae kambini na wake zao. Chini ya daktari wake Léopold Mottoulle, akina mama walipangwa foleni, watoto wakapimwa, maziwa yakagawiwa. Kampuni ilikuwa inajikuzia wafanyakazi wa kesho. Nia hiyo siisifu. Lakini foleni ile ilibaki, ikapita mikononi mwa kampuni ya serikali, Gécamines, baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, na hospitali za kampuni zikatibu familia za wafanyakazi kwa miongo. Kisha Gécamines ikaanguka. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoshwa kazini kwa mpango walioambiwa ni wa hiari, na familia zao zikaondoka na kadi ya hospitali isiyo na kazi tena.

Waliobaki, na waliokuja baadaye kuchimba kwa mikono, wanategemea siku ya CPS, yaani siku ya kupima na kuchanja watoto, katika kituo cha afya. Wachimbaji wanahama. Leo wako Kambove, mwezi ujao wako upande wa Kolwezi, na mke na watoto wanafuata nyuma au wanaachwa kwa bibi. Mtoto anapata sindano ya kwanza mahali pamoja, na siku ya pili inapofika hayupo. Reko wa mtaa, yaani mhudumu wa afya wa jamii anayezunguka kukumbusha akina mama, anakuta nyumba ina wapangaji wengine. Uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa 2017 na 2018 ulikuta kwamba nchini Kongo ni asilimia 35 tu ya watoto wa miezi 12 hadi 23 waliokuwa wamepata chanjo zote za msingi. Rwanda, jirani kabisa, huwafikia zaidi ya 95 kati ya kila watoto 100 kwa dozi tatu za penta. Mtu anayesema Waafrika hawapendi chanjo atazame takwimu hizo vizuri.

Na wataalamu wa dunia wanapozungumzia mtoto wa dozi sifuri, wanapima kwa sindano hiihii: ni mtoto ambaye hakupata hata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kongo iko miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba baridi kali huiharibu chanjo hii kuliko joto la kawaida? Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, imekufa, hata ikiyeyuka tena na kuonekana nzima. Muuguzi mwenye shaka ana njia rahisi ya kujua: huchukua chupa anayoishuku na nyingine ya aina hiyohiyo aliyoigandisha kwa makusudi, huzitikisa zote mbili, kisha huziweka mezani na kuzitazama. Chembe za chanjo iliyoganda hutuama chini haraka. Kwa upande wa joto, chupa ina alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukifikia weusi wa duara, chupa inatupwa. Mama ana haki ya kuomba aonyeshwe alama hiyo. Likasi haiko mbali na mabwawa ya umeme, Mwadingusha likiwa limefanya kazi tangu 1930, na bado delestage, yaani mgao wa umeme, huzima friji za vituo wakati mashine za migodi zinaendelea kunguruma. Friji za sola zimesaidia sana mahali zilipofika.

Swali ambalo akina mama huuliza zaidi ni la aliyechelewa. Mtoto alipata ya kwanza, wakahama, miezi minane imepita. Je, aanze upya? Hapana. Haanzi upya hata kama umepita mwaka. Anaendelea na ya pili, na baada ya wiki nne au zaidi anapata ya tatu. Shirika la Afya Duniani linasema dozi moja hupunguza ugonjwa mkali na vifo kwa takriban nusu, na mbili kwa asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo ya pili iliyochelewa bado ina faida kubwa. Aliyekwisha kutimiza mwaka bila hata moja anaweza kuchanjwa pia, maadamu hajafika miaka saba. Fishi, yaani kadi ya chanjo, ikiwa imepotea katika kuhama, aende hivyohivyo. Kurudia dozi ambayo huenda alikwisha kuipata hakumdhuru, na kituo kitamwandikia fishi mpya.